Kitabu Ambacho Didace Hakukisoma

Huku kwetu milima ya Mwese, mvua zikishika, hakuna mtu mwenye nafasi. Asubuhi watu wazima wako shambani wanapalilia maharage. Mchana akina mama wanarudi na kuni kichwani na uyoga ndani ya kitenge. Uyoga ndio nyama yetu ya msimu ule. Unachemshwa, unaungwa kwa karanga, unaliwa na ugali, na watu wanafuta sufuria kwa vidole.

Didace alikuwa katekista wa kigango chetu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye mwenyewe alikulia hapa hapa. Mkewe aliitwa Gaudiose. Walikuwa na mtoto mmoja anayenyonya, na mkubwa wake aliyeitwa Arcade, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitano.

Didace alikuwa mtu mzuri. Naomba msimhukumu mapema. Alikuwa mchapakazi, hanywi, hagombani na mtu. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuweza kusema "sijui". Ukimuuliza habari za mbuzi anayeharisha, anajibu. Ukimuuliza mvua itakatika lini, anajibu. Mara nyingi alipatia, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kwa sababu watu walizoea kumwamini.

Mwaka ule wa tisini na sita, parokia ililetewa sanduku la vitabu vya msaada kutoka nje. Kila kigango kilipewa nafasi ya kuchagua. Didace alifika wa kwanza. Alichagua kitabu kinene kuliko vyote, chenye jalada gumu linalong'aa na picha za rangi kila ukurasa. Ndani yake kulikuwa na wanyama, miti, mito na watu weupe wenye makoti. Maneno yake hayakuwa Kiswahili. Hayakuwa Kirundi wala Kiingereza pia. Didace hakujua hata neno moja, na hakumuuliza mtu ni lugha gani.

"Kitabu kizuri kinajieleza," alimwambia mkewe.

Ikawa kila mchana wa mvua, baba na mtoto wanakaa kwenye benchi barazani. Kabla ya kufungua, Arcade ananawa mikono. Halafu anakunja mikono kifuani kama yuko kanisani, maana Didace aliona kitabu ni kitabu tu, kinataka adabu ile ile. Mtoto haruhusiwi kugusa. Mtoto haruhusiwi kudakia. Didace alilelewa hivyo, kwamba mtoto anayemkatiza mtu mzima hana malezi.

Basi Didace anaonyesha picha kwa kidole, anaeleza. Kulikuwa na picha ya nyumba na shamba, vyote vimefunikwa na kitu cheupe. Alisema watu wa kule wamemwaga chokaa ili kufukuza mchwa. Gaudiose alikuwa anachambua maharage pembeni. Aliuliza kama kweli chokaa inaweza kutosha nchi nzima. Mumewe alimtazama kwa jicho moja tu, na Gaudiose akarudi kwenye maharage yake.

Siku moja walifika kwenye ukurasa uliojaa uyoga. Ulikuwepo mweupe, wa kahawia, wa njano. Upande mmoja palikuwa na mwekundu, mkubwa kuliko wote, na upande mwingine amechorwa msichana mwenye kikapu anacheka.

Hapa nieleze kidogo mawazo ya Didace, maana hata mimi ningeweza kuwaza hivyo. Kwetu uyoga unaoliwa kila mmoja una jina lake. Wabende, wenyeji wa hapa, wana majina yao, Warundi wana yao. Usioliwa unaitwa wa sumu, basi, na hakuna anayepoteza muda nao. Didace akajiuliza, nani atamaliza rangi kuchora kitu kisicholiwa?

"Uyoga wote huu unaliwa," alimwambia mwanawe. "Na huu mwekundu ndio mtamu zaidi. Ndiyo maana wameuchora mkubwa."

Arcade alisahau adabu, akauliza, "Baba, na huku kwetu upo?"

Didace angeweza kusema hajui. Akasema, "Upo. Mungu hawezi kuwapa wao akatunyima sisi."

Sasa, siku hiyo hawakuwa peke yao. Gaudiose alikuwa pembeni na maharage yake kama kawaida. Bibiana, mwalimu wa chekechea ya kigango, alikuwa amekuja kuchukua funguo za darasa. Alikuwa msichana aliyesomea kazi hiyo. Alisimama nyuma ya benchi na kusikia kila kitu. Moyo ulimwambia aseme neno. Lakini atamsahihishaje katekista mbele ya mtoto wake, yeye ambaye hata hajaolewa? Alipokea funguo, akashukuru, akaondoka.

Jirani wa Didace alikuwa Krispini, Mbende wa hapa hapa, na mkewe Dorotea. Binti yao Laurence alikuwa mdogo kwa Arcade kidogo tu. Hawa watoto wawili walikuwa hawaachani. Mchezo wao ulikuwa kupika. Arcade ni baba, Laurence ni mgeni aliyetoka safari. Kopo la mafuta ndiyo sufuria, na moto ni wa kuigiza.

Siku chache baadaye Arcade aliona uyoga mwekundu pembeni mwa njia ya kisimani. Alifurahi mno. Baba alisema upo, na kweli upo. Aliung'oa, akauleta mbio, akaukatakata ndani ya kopo. Halafu alimkaribisha mgeni. Mnajua desturi yetu, mgeni anakula kwanza, mwenyeji anasubiri. Laurence akala. Arcade alikuwa bado anasubiri zamu yake mama yake alipomwita aende kumbembeleza mdogo wake.

Hiyo adabu ndiyo iliyomwokoa. Mwenzake haikumwokoa.

Haukupita muda mrefu, Dorotea alimkuta binti yake amejikunja kwenye nyasi, anatapika, mate yanamtoka mdomoni. Alipiga yowe. Watu walikimbia kutoka mashambani na majembe yao. Mmoja alitaka mtoto anyweshwe maji ya majivu. Mwingine alitaka aende kutafuta maziwa. Bibiana alitokea darasani, akaona kopo.

"Msimpe kitu," alisema. "Twendeni zahanati sasa hivi. Na huo uyoga uliobaki muuchukue, tabibu auone."

Krispini alikuwa anaweka baiskeli sawa. Dorotea alimgeukia Arcade aliyekuwa amesimama pale na mdogo wake mgongoni.

"Nani kakwambia huu unaliwa?"

"Baba," alisema Arcade. "Baba kasoma kwenye kitabu."

Watu wote wakamtazama Didace. Alikuwa amefika muda huo huo, anahema. Macho yale yote yalimwelemea. Aliona uso unawaka. Alijiona yuko mbele ya kigango kizima, na kila mtu aliyewahi kumuuliza jambo sasa anajiuliza upya. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa uongo.

"Mtoto hakusikia vizuri," alisema. "Mimi nilimwambia usiliwe."

Gaudiose alimtazama mumewe. Alikuwepo siku ile. Bibiana naye alitazama chini. Alikuwepo pia. Hakuna aliyesema.

Dorotea, kwa uchungu, alimvuta Arcade sikio na kumwita mwongo. Na Didace, ili uongo wake usimame wima, alimpiga mwanawe kofi mbele za watu.

Arcade hakulia. Alimtazama tu baba yake.

Walimpeleka Laurence zahanati, Krispini akiendesha baiskeli na Dorotea akikimbia nyuma, na kwenye vilima vyenye utelezi Didace akisukuma kwa nguvu zake zote. Tabibu aliutazama uyoga, akamtundikia mtoto dripu, akakaa naye karibu. Alisema wana bahati. Mtoto ametapika mapema na wamemleta mapema. Aliwaeleza kwamba kuna uyoga mwingine unaonyamaza tumboni, mtu anajiona mzima kumbe ini linaharibika. Kwa hiyo mtu akila uyoga wa mashaka asisubiri augue kwanza. Aende zahanati.

Laurence alipona. Alirudi nyumbani amekonda, lakini anacheka. Watu walishukuru Mungu. Wangeweza kusema yamekwisha.

Kwa Arcade hayakuwa yamekwisha. Dorotea alimkataza binti yake kucheza naye. Watoto wa kitongoji walimpa jina, Mwongo wa Uyoga, na walimwimbia akipita kwenda kisimani. Chekechea aliacha kwenda. Akimwona baba yake ameshika kitabu chochote, hata kile cha sala, anatoka nje na kwenda kukaa nyuma ya jiko karibu na kuku.

Kubwa zaidi, aliacha kuuliza. Mtoto huyu alikuwa anauliza tangu jogoo anawika mpaka usingizi unamchukua. Kwa nini moshi unapanda juu? Kwa nini mchanga unaunguza miguu? Sasa kimya. Alikula kimya, akamchunga mdogo wake kimya.

Gaudiose alivumilia, mwisho akashindwa. Alimfuata mumewe bandani alikokuwa anachonga mpini.

"Baba Arcade," alisema, "jana nimechinja kuku mbele yake. Ndani kulikuwa na mayai mengi madogo yamefuatana, makubwa kwa madogo. Zamani angeuliza mpaka nikimbie. Ametazama, akaondoka. Wewe unajua kwa nini. Na mimi najua, maana nilikaa kimya. Tumemtwisha mtoto mdogo mzigo wetu sisi watu wazima."

Kwa mara ya kwanza Didace hakuwa na jibu. Jumapili iliyofuata, walipofika kwenye sala ya kutubu, sauti ilimkauka na waumini wakaimaliza peke yao. Walidhani ana mafua. Yeye alijua ni aibu, na alijua aibu hiyo haina dawa dukani.

Kesho yake alichukua kile kitabu kinene, akaenda darasani kwa Bibiana baada ya watoto kuondoka. Alikiweka mezani, akafungua ukurasa wa uyoga.

"Mwalimu," alisema, "hapa wanasema nini?"

"Sijui," alisema Bibiana. "Hii lugha siifahamu."

Didace alishangaa jinsi neno lile lilivyotoka kirahisi. Mwalimu alilisema na hakupungukiwa kitu.

Bibiana aliinamia picha. Alimwonyesha mstari mwembamba uliopita katikati ya ukurasa. Upande mmoja kulikuwa na msichana na kikapu. Upande wa pili, ulikokuwa ule mwekundu, hakukuwa na kikapu, na maneno yake yalikuwa meusi zaidi.

"Huenda upande huu ni ule unaoliwa, na huu ni ule usioliwa," alisema. "Huenda. Hapa mimi nakisia, katekista. Na wewe siku ile ulikisia. Lakini hukumwambia mtoto kwamba unakisia."

Didace aliinamisha kichwa.

"Na mimi nilisikia," Bibiana aliendelea, na sauti ikamshuka. "Nilisimama nyuma yenu. Nilikuwa na mashaka na nikanyamaza, kwa kuogopa kukukosea heshima. Kila nikimwona Laurence ananiamkia, naona haya. Mimi ndiye mwalimu."

Wakakaa, watu wazima wawili wenye aibu, kwenye vile viti vidogo vya chekechea vinavyofanya magoti yafike kidevuni.

Didace aliuliza ni kitabu gani anunue ili mtoto apende tena kusoma. Bibiana alitikisa kichwa. Alimwambia kitabu si cha kwanza. Cha kwanza ni kwenda kwa Mama Laurence.

"Nitauweka wapi uso wangu?" aliuliza Didace.

"Aibu unayo tayari. Umeibeba tangu siku ile, na umembebesha na mtoto. Kaitue pale ulipoipatia."

Alasiri hiyo Didace alimshika Arcade mkono, wakaenda kwa Krispini. Dorotea alikuwa anamenya mihogo na majirani wawili watatu. Didace hakuomba waondoke. Alitamani sana waondoke, lakini hakuomba.

Alisimama akawaambia. Kwamba lugha ya kile kitabu hakuijua. Kwamba ni yeye aliyesema uyoga mwekundu unaliwa, tena mtamu. Kwamba mtoto alisikia vizuri kabisa, neno kwa neno. Kisha alichuchumaa ili uso wake ulingane na wa mwanawe.

"Ulisema kweli," alisema. "Mwongo nilikuwa mimi. Nilikupiga kwa kosa langu mwenyewe. Nisamehe, mwanangu."

Arcade alitazama miguu yake.

Dorotea aliendelea kumenya. Kisu kilikwenda, maganda yakaanguka. Baadaye alisema kwa sauti ndogo, "Na mimi nimemvuta sikio mtoto wa watu asiye na kosa." Akafuta machozi kwa mkono wenye udongo. Lakini aliongeza kwamba Laurence hatakwenda kucheza kwao, bado. Didace alisema ameelewa. Waliondoka taratibu, na njia nzima mkono wa Arcade ulikuwa umelegea ndani ya mkono wa baba yake.

Wakati huo kijiji kilikuwa na kabati moja la vitabu katika ofisi ya mtendaji. Vilikuwa vya kisomo cha watu wazima, na vingine vyembamba vya watoto. Bibiana aliomba ufunguo, akamwita Didace na Gaudiose. Gaudiose alikuwa amejifunza kusoma ukubwani na alisoma polepole kwa kidole. Alisita mlangoni. Alisema yeye atawaaibisha. Bibiana alimvuta ndani, akamwambia msomaji wa polepole ndiye anayemfaa mtoto, maana mtoto anapata nafasi ya kutazama picha.

Mazoea ni mabaya. Didace aliingiza mkono kabatini, akatoa kitabu kinene kuliko vyote. Kilikuwa cha magonjwa ya mifugo. Bibiana alimwomba asome ukurasa mmoja kwa sauti. Didace alisoma kuhusu minyoo ya maini mpaka Gaudiose akapiga mwayo.

"Kama mama mtu anapiga mwayo, mtoto atafanyaje?" aliuliza Bibiana, na wote wakacheka kidogo.

Kisha alianza kuwaeleza, huku akitoa vitabu na kuvirudisha. Alisema kitabu cha mambo ya kweli si sawa na hadithi. Kwenye hadithi sungura anaweza kuvaa kaptula, na mtoto anafurahi. Lakini mtoto mdogo hajui bado kutenganisha. Kwa hiyo mwambie wazi, hii ni hadithi, na hii ni habari ya kweli. Ukishasema ni ya kweli, basi uwe na uhakika.

"Nitapataje uhakika?" aliuliza Didace.

"Kisome chote wewe kwanza, kabla mtoto hajakiona. Mahali usipoelewa, usipite kama aliyeelewa. Tazama kimeandikwa wapi na lini. Kikisema habari za mbegu, muulize bwana shamba. Cha dawa au cha chakula cha porini, usimpe mtoto ajifunzie humo. Hicho ni cha kumfundisha jambo moja tu, kwamba haweki kitu mdomoni kabla mama hajakiona."

Gaudiose alishika kijitabu chembamba chenye picha ya kuku na mayai. Picha zilikuwa kubwa, kitu kimoja kila ukurasa, na chini yake mstari mmoja au miwili ya herufi nene. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, kwa kidole, mpaka mwisho. Aliufikisha bila kukwama. Alitabasamu akaficha mdomo kwa kitenge.

"Lakini kuku anawajua tayari," alisema Didace. "Nilitaka apate kitu kipya. Simba wa baharini au vitu vya namna hiyo."

"Anapokaa ni wapi siku hizi?" aliuliza Bibiana.

"Nyuma ya jiko, na kuku."

"Basi ndicho anachokiwaza. Anza na kile mtoto anachokitazama, kisha kitabu kimwonyeshe asichoweza kukiona, ndani ya yai. Vya mbali vitakuja. Hata kile kinene chako si kibaya. Mkifungua, useme ninachoona ni hiki, nisichojua ni hiki. Na muache mtoto ashike kitabu, katekista. Ashike, afunue, arudi nyuma, akatize. Kitabu hiki hakina misa."

Didace alikisoma kile kijitabu chote, mara mbili. Halafu alikwenda nyuma ya jiko. Hakumwita Arcade. Alikaa chini kwenye vumbi, akaanza kusoma kwa sauti ya kawaida karibu na kuku aliyekuwa anaatamia. Arcade aliinuka akaondoka. Kesho yake vivyo hivyo. Didace aliona aibu kumsomea kuku, na jirani mmoja aliyepita alimuuliza kama kuku huyo naye anajiandaa kubatizwa. Hakuacha.

Baadaye Gaudiose ndiye aliyekaa na kitabu, kidole kikitambaa polepole. Alisoma kwamba kuku huyageuza mayai kwa mdomo wake kila siku ili joto lienee. Arcade, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya jiko, alisogea. Alitazama ukurasa. Alimtazama baba yake aliyekuwa anapasua kuni.

"Baba," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, "hiyo ameisoma au ameisema tu?"

Didace alihisi kama panga limemwingia mbavuni. Alitua shoka. Alikuja akapiga magoti, akaweka kidole kwenye mstari.

"Ameisoma. Iko hapa."

"Na kitabu kikikosea?"

Zamani kwa swali hilo angepata kofi. Didace alifikiri. Akasema, "Hilo sijui. Labda tumtazame kuku mwenyewe."

Alichukua kipande cha mkaa. Kuku alipotoka kwenda kunywa maji, Arcade alichora alama nyeusi juu ya kila yai, na akadonolewa mkono kwa kuchelewa kuutoa. Asubuhi walirudi wote watatu. Alama nyingi zilikuwa zimelala chini, hazionekani. Arcade alipiga kelele mpaka mdogo wake akaamka. Nje ya ua, Laurence alikuwa amesimama anachungulia kati ya miti ya uzio. Arcade alimwambia kila kitu kupitia pale pale. Laurence alimuuliza alama ziko wapi. Mama yake alimwita, akaenda, lakini hakuitwa kwa ukali.

Tangu hapo lile swali lilikuwa halikauki nyumbani kwa Didace. Umeisoma au umeisema tu? Akiwaeleza habari za mwezi, anaulizwa. Akiwaeleza habari za mamba wa ziwani, anaulizwa. Mara nyingi ilibidi akiri kwamba amesema tu. Kila mara uso ulimpata joto. Mayai yalipoanguliwa, Arcade alikuwa amerudi chekechea, na aliwafundisha wenzake lile swali. Bibiana alisema wamempa kazi, sasa anasoma kila kitabu usiku kabla ya kukipeleka darasani.

Jumapili moja, baada ya sala, Didace alisimama kutoa matangazo. Alikuwa na karatasi kutoka zahanati mkononi. Alitangaza kwamba kutakuwa na chanjo ya matone kwa watoto wote walio chini ya miaka mitano, hapo hapo kigangoni, siku ya Jumatano.

Kanisa likiwa kimya, sauti ndogo ilitoka upande wa akina mama. Ilikuwa ya Laurence, mapajani kwa Dorotea.

"Hiyo umeisoma au umeisema tu?"

Dorotea alimziba mdomo. Wazee wa mbele waligeuka kwa hasira. Mtoto kumkatiza katekista, tena kanisani. Didace aliona lile joto linapanda tena shingoni. Watu walingoja amkemee. Arcade, kwenye benchi na mama yake, alikuwa ameacha kupumua.

Didace alitazama karatasi. Aliisoma tena, toka juu mpaka chini, kwa kidole, kama mkewe. Kisha akainua uso.

"Chanjo nimeisoma," alisema. "Jumatano nimeisema tu. Haipo hapa. Nilimsikia mtu njiani. Nisameheni. Nitakwenda zahanati kuuliza, na nitapita nyumba kwa nyumba."

Hakuna aliyecheka. Alitoka pale akapanda baiskeli bila hata kula, na jioni alipita nyumba kwa nyumba kama alivyosema. Chanjo ilikuwa Jumanne, si Jumatano.

Jumanne asubuhi Gaudiose alikuwa anamfunga mtoto mgongoni alipoona watu wanaingia uani. Alikuwa Dorotea, amemshika Laurence mkono. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya uyoga.

"Mama Arcade, mko tayari?" aliuliza. "Mtoeni na huyo muulizaji wenu. Wa kwangu amegoma, hapigi hatua bila yeye."